Mwombee Rafiki Yako Ukijua Tarehe ya Usaili Wake

(Mhadhara kwa vijana wa usharika, Morogoro)

Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru viongozi wa vijana kwa kunialika, na zaidi kwa mada mliyonipa. Kila Jumapili tunaipitia juujuu. Anayeongoza maombi anasema, "Na wale wanaotafuta kazi, Bwana uwakumbuke," tunaitikia Amina, tunahamia kwa wagonjwa. Leo nataka tukae hapo hapo.

Nina neno moja tu. Kama rafiki yako anatafuta kazi, na hujui ameomba nafasi gani, wapi, wala ataitwa lini, basi unaliombea kundi. Yeye bado hujamwombea. Ukitaka kumwombea, kaa naye, muulize, akuambie. Wagonjwa tunawaombea kwa majina, tunajua wodi waliyolazwa na siku ya upasuaji. Kwa nini huyu tumfunike kwenye "wale"?

Fungueni Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Saa kumi na moja, jua linaelekea kuzama, bado anatoka, na anakuta watu wamesimama. Anawauliza mbona wameshinda hapo bila kazi. Wanamjibu: hakuna mtu aliyetuajiri. Sasa angalieni asichokifanya. Hawaulizi kama walichelewa kuamka, wala hasemi wanachagua kazi. Jibu lao analipokea kama lilivyo, anawapeleka shambani, na jioni anawapa dinari nzima, ujira wa kutwa. Nadhani alijua kwamba watoto wa mtu aliyekosa kazi hawali nusu siku.

Sisi jibu hilo hatulipokei. Kijana akimaliza chuo akakaa nyumbani mwaka wa pili, maneno yanaanza: "Anachagua kazi huyo." "Si ajiajiri tu?" Kujiajiri ni kuzuri, na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ipo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama unaujua utaratibu wake, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii, mkae pamoja kwenye lile benchi. Lakini neno "jiajiri" likitoka kwa mtu ambaye hajawahi hata kukuuliza unaweza kufanya nini, huko ni kufukuzwa kwa adabu.

Niwaeleze mliopata kazi zamani kutafuta kazi siku hizi kukoje. Nimefanya kazi ya utumishi kwa muda mrefu na nimekaa kwenye majopo ya usaili, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwa nafasi za serikali kijana anajisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anatakiwa awe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, wasifu wenye wadhamini, na barua ya maombi iliyosainiwa. Vyote hivyo anaviskani steshenari, na kila karatasi ina bei yake. Jina la cheti cha kidato cha nne likipishana na la NIDA, hapo kuna safari nyingine, ya kwa wakili. Kisha anasubiri. Siku tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka, anatafuta bando, anashusha orodha ndefu, anapekua majina ukurasa kwa ukurasa.

Akiliona jina lake anafurahi. Halafu anafika kwenye masharti. Mojawapo linasema kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Usaili wa mchujo ni siku moja, wa mahojiano siku nyingine, na baadhi ya kada zina wa vitendo kati yake. Ukipangiwa Dodoma na wewe unatoka Morogoro, hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, ni kulala, ni kula. Kuna watu wameitwa na hawakwenda. Hawakuwa wavivu, hawakuwa na nauli, na waliona aibu kumwambia mtu.

Ndugu zangu, sharti hilo lilipoandikwa halikuandikiwa kanisa, lakini mimi nalisoma kama limeandikwa kwetu. Tunapomwombea mtu "Bwana mfungulie mlango", na mlango umeshafunguka uko Dodoma, kilichobaki ni basi. Tunao washirika wenzetu Dodoma. Mwinjilisti wetu akimpigia wa kule, kijana analala kwa watu, anakunywa chai, anaingia kwenye chumba cha usaili akiwa na usingizi wa kutosha. Kwenye jopo nimeona watu wanaojua majibu wakishindwa kuyatoa kwa uchovu wa kulala stendi. Inaniuma mpaka leo.

Na hapa niseme kuhusu michango. Tunachangia harusi, send-off, kipaimara. Kadi zinagawiwa, ahadi zinasomwa hadharani. Asiye na kazi anasikia jina lake likisomwa na sifuri mbele yake. Baada ya miezi miwili mitatu haji tena. Sisi tunasema amepoa kiroho. Hajapoa, amekimbia kadi. Naomba kamati zenu zimwondolee kadi huyo kimyakimya, bila kumtangaza, na zimwachie kazi ambayo mikono yake inaiweza: aongoze kwaya, afundishe watoto, asimamie ukumbi, aheshimiwe kwa hiyo kama mtoa laki. Tena kazi hiyo ataiandika kwenye wasifu wake.

Mmeuliza kwenye karatasi zenu: mtu mwenye kazi asaidie vipi bila kuingia kwenye upendeleo? Swali zuri sana. Someni Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, mtu mwenye kazi nzuri jikoni kwa wakubwa. Aliposikia habari za Yerusalemu alifunga na kuomba kuanzia mwezi wa Kisleu hadi Nisani, miezi kama minne. Siku mfalme alipomuuliza mbona uso wake una huzuni, akaomba tena pale pale moyoni, kisha akasema wazi anachohitaji: barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ampe miti. Aliomba barua! Zinaeleza yeye ni nani na anakwenda kufanya nini. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyenyang'anywa haki yake.

Wewe unaweza kuwa barua ya namna hiyo. Kubali kuwa mdhamini wa mtu unayemfahamu, na simu ikipigwa ipokee, useme kweli yote unayoijua juu yake. Ukiona tangazo, mtumie siku hiyo hiyo, usingoje limebaki siku moja. Soma barua yake, msahihishe. Mfanyishe usaili wa majaribio sebuleni kwako: "Tueleze kwa ufupi wewe ni nani." Wengi wanaanguka kwenye swali hilo la kwanza kwa sababu hawajawahi kulijibu kwa sauti. Lakini kuvujisha maswali, au kuingiza jina lisilostahili, ni kumwibia kijana mwingine ambaye naye ana mama anayemwombea usiku.

Dada zangu, hili nalisema bila kuzunguka. Mtu akikuambia kazi ipo ila mkutane hotelini, hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa. Na ninyi marafiki, akija kuwaambia, msimuulize alivaa nini. Mmoja aende naye akatoe taarifa. Vilevile ukimsikia mwenzako ameombwa "hela ya fomu" au "ya kufuatilia faili" kwa namba ya simu, mzuie. Kuomba kazi kwenye Ajira Portal hakulipiwi.

Wapo pia wanaouza maombi. Wanamwambia asiye na kazi apande mbegu, atoe akiba yake ya mwisho, na kazi itakuja ndani ya siku kadhaa. Isipokuja, wanasema imani yake ni haba. Nawaambia kama mama yenu: anayemtoza mtu mwenye njaa ili amwombee hajui anamtumikia nani. Anayestahili kupewa sadaka hapo ni yeye aliyekosa kazi.

Kuna kundi moja tunalisahau, la waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa chache, wakawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya kusubiri nafasi ikitokea. Hawajakosa, hawajapata. Wakiamka asubuhi wanaangalia simu. Hao msiwaulize "vipi, umepata?" kila mnapokutana. Akipata atakuambia yeye mwenyewe. Muulize habari za mama yake, mwalike chakula, mwite kwenye mpira. Na akitaka kulalamika mbele za Mungu, mwache alalamike, kaa naye. Zaburi zimejaa "hata lini", na hakuna aliyefukuzwa hekaluni kwa kuuliza.

Sasa kabla ya maombi, kila mmoja ana kipande cha karatasi. Anayetafuta kazi aandike jina, nafasi aliyoomba, na tarehe kama anayo. Asiyetaka jina lake lijulikane aniletee mimi au mchungaji. Mwenye kazi aandike anachoweza: nauli, kompyuta, saa mbili za kusoma barua, chumba cha wageni. Katibu atazioanisha leo leo, maana wawili kati yenu nimeshaambiwa wana usaili wiki ijayo. Tuwaanze hao. Njooni mbele, mtuambie mnakwenda lini na mtalala wapi, ndipo tusimame tuombe.