Kikohozi cha Mwalimu

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi mliosimama dirishani, ingieni, mabenchi yapo. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya msibani, na kwenye mkutano wa mtaa pia. Nitayarudia haya ya deni na aibu ya kuomba msaada, maana watu bado wanawatoroka wadai kwa mlango wa uani.

Daladala ikinasa kwenye tope kule kwetu Mbagala, konda anaruka chini anapiga kelele: "Jamani, tusukume!" Nauli ametudai yote, chenji katunyima, na bado tunasukuma. Hakuna konda niliyemwona akiona haya. Haya tunazo sisi wenye nyumba na majina.

Sasa mimi. Nilipostaafu, kiinua mgongo kikachelewa, na binti anadaiwa ada ya chuo. Nikachukua shilingi 300,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, nirejeshe 13,000 kila siku kwa siku 30. Pigeni hesabu: 390,000. Na nimefundisha hesabu maisha yangu yote! Benki Kuu inataka wakopeshaji hawa wasivuke riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Mimi nimetia saini asilimia 30, na asante nikasema. Shule zikafungwa, fedha ya tuisheni ikakauka, nikakopa kwa mwingine nimlipe wa kwanza. Mnaujua mchezo huo, msinitazame hivyo.

Kijana wa marejesho akibisha hodi, najifungia chooni. Kumbe nilimfundisha mwenyewe darasa la tano. Anasimama pale nje kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Najua umo, nakusikia unakohoa."

Na wakati huohuo mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa! Kila Jumamosi sanduku linafunguliwa, kufuli tatu, washika funguo watatu, na kabla ya hisa kila mmoja anatumbukiza 1,000 ya mfuko wa jamii. Fedha ya msiba, ya ugonjwa, ya aliyekwama. Nawahutubia jinsi vikundi vya namna hii vilivyoanza mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini huko Niger, napigiwa makofi, kisha narudi nyumbani kwa njia ya makaburini nisikutane na mtu.

Aliyenikamata ni mama lishe mmoja, mwanakikundi mwenzetu. Mwaka uliotangulia mumewe alilazwa, na mimi kwa mkono wangu nilimhesabia fedha za mfuko. Akaja na chapati, akaketi. "Mwalimu, siku ile ulipokuja kwangu na zile fedha, uliniona mdogo?" Hasha, nikasema. "Basi wewe unaogopa nini?"

Nilitafuta jibu la kiualimu. Halikuja.

Hapo nataka tukae kidogo. Mtu apendaye kutoa na asiyetaka kupokea ameshawapanga watu moyoni mwake: wapokeaji huko chini, yeye huku juu. Miaka yote ile nilidhani nina huruma. Ningekuwa nayo kweli, nisingeona aibu kusimama pale aliposimama yule mama.

Namsikia mzee mmoja moyoni mwake: "Nikiomba, nitasemwa kijiweni kwenye kahawa." Utasemwa! Mimi nilipoomba kikundini, nilisemwa wiki mbili nzima. Kisha jirani akaongeza mke wa pili, wakahamia huko. Mwingine anasema wapo wanaokusaidia ili wakutangaze. Wapo, nawafahamu kwa sura. Kwa hao usiende. Nenda penye katiba, katibu na daftari, kila mwaka zamu hubadilika.

Mwenyekiti wa mkutano ananionyesha saa, na nina mambo manne bado. Basi mbiombio. Ukiomba, taja kiasi na taja siku. Usiseme "chochote mtakachojaaliwa" halafu ununie elfu tano. Nenda mapema, deni likiwa la mtu mmoja. Vijana, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 ni fungu lenu, wala si sadaka. Sajilini kikundi mkaombe. La nne lilihusu wake zetu kujua tunachodaiwa, lakini naona nyuso zimebadilika. Tuliache.

Ah, na yule kijana. Siku ya rejesho la mwisho nilimlipa barazani, mchana kweupe, wapita njia wakituona. Akahesabu noti mara mbili, akazitia mfukoni, akaniuliza: "Na kikohozi, mwalimu, kimepona?"