Kamba ya mita mbili, nyumba ya mita tatu

OTIENO: Karibuni tena. Leo tuna mafunzo matatu kwa wanaofundisha mafundi wa paa: ngazi, mabati ya mwangaza, yaani yale ya plastiki yanayopitisha mwanga, na kumshusha mtu aliyening'inia. Ila dada Halima ameingia na picha kwenye simu, na ule uso wake mnaujua.

HALIMA: Juzi, Ruai, hapa Nairobi. Nyumba ya chini tu, mabati ya geji 30. Fundi yuko ukingoni, amevaa hanesi mpya, ile mikanda ya mwilini ya kumshika akianguka, lebo ya dukani inapepea mgongoni.

OTIENO: Anaitunza airudishe jioni.

HALIMA: Adai na pesa zake! Sasa kamba: mita 2, yenye ile pakiti ya kupunguza mshtuko. Ameifunga kwenye mbao ya inchi 3 kwa 2 ya kupigilia mabati. Kutoka pale hadi chini ni mita 3.

OTIENO: Hayo ni mapambo.

HALIMA: Piga hesabu. Akianguka, kamba inanyooka mita 2. Pakiti ikifumuka, kwa vile vya viwango vya Ulaya, inaweza kuongeza hadi mita 1.75. Kutoka ndoano ya mgongoni hadi nyayo, mita 1.5. Weka mita 1 ya tahadhari. Jumla?

OTIENO: Mita 6.25 chini ya pale alipofunga. Na yeye ana tatu.

HALIMA: Kamba ikikazika tu, ndoano iko mita 1 kutoka ardhini, na miguu inahitaji mita moja na nusu. Amefika chini kabla pakiti haijaanza kazi.

OTIENO: Lebo ingemwambia. Ndiyo maana hakuing'oa, anaisoma polepole.

HALIMA: Wewe na lebo! Haya, na ile mbao. Misumari yake imepigwa ishike mabati, si mtu anayeanguka. Hata pakiti ikifanya kazi sawasawa, mvuto unaweza kufika kilonyutoni 6, kama uzito wa kilo 600. Mbao inang'oka, inamfuata chini. Funga utepe imara wa kushikia kamba kuzunguka kenchi yenyewe, ile fremu ya mbao inayobeba paa, iliyokwisha kukazwa.

OTIENO: Hapo tuko pamoja. Kwa hiyo nyumba ya chini, fundisha kamba fupi ya kumzuia asifike ukingoni. Ifungwe kwenye kenchi, juu kwa mgongo wa paa, iwe na kishikio cha kurekebisha urefu. Asipofika ukingoni, haanguki.

HALIMA: Na ukingo nani atapigilia? Halafu kuna kona. Tuseme mteremko ni mita 4, na kona iko mita 3 pembeni ya alipofunga. Kamba ya kufika kona ni mita 5. Akirudi katikati bila kuifupisha, inamruhusu kupita ukingo kwa mita nzima.

OTIENO: Ahamishe alipofunga. Weka tepe kadhaa kwenye mgongo wa paa kabla ya kazi kuanza.

HALIMA: Fundi wa kulipwa kwa siku, mwenye bati la mita 3 mkononi na upepo unavuma, atasimama kuhamisha kamba? Mimi nafundisha jukwaa la pembeni, hata la nguzo za mikaratusi. Mbao za kukanyagia zifungwe zisicheze, reli ya juu kama mita 1, ya kati, na ubao wa kuzuia vitu kudondoka. Linamkinga hata aliyesahau.

OTIENO: Linalipwa na nani? Mwenye nyumba anauliza bei ya bati, haulizi jukwaa. Ukimfundisha kitu kisichokuwepo kwenye mjengo, umemfundisha kupanda bila chochote.

HALIMA: Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe kinga. Haisemi akikataa, mkufunzi ashushe somo.

OTIENO: Sijashusha somo, nimelipeleka mahali fundi alipo.

HALIMA: Umelipeleka kwa mwenye nyumba bahili.

OTIENO: Halima, siku ya kwanza darasani, mimi naanza na kamba.

HALIMA: Mimi naanza na jukwaa. Kamba siku ya tatu.

OTIENO: Siku ya tatu hanesi imesharudishwa dukani na lebo yake.

HALIMA: Ndugu yangu, angalia saa.

OTIENO: Dakika mbili! Na yale mafunzo matatu?

HALIMA: Hayaingii. Ngazi tu basi: kila mita 4 za kwenda juu, mguu mita 1 nje. Ipite ukingo wa paa kwa karibu mita 1.

OTIENO: Na ifungwe juu. Anayeifunga, ashikiwe chini.

HALIMA: Mabati ya mwangaza, usikanyage, hata kama—

OTIENO: Wanatugongea mlango.

HALIMA: Wagonge. Hata kama yamepakwa rangi na huyaoni, kwa hiyo muulize mwenye nyumba kabla ya—

[Mwisho wa rekodi]