Ukibadilisha objekti, iambie injini ya kanuni

Karibu. Leo tunatumia Drools, injini ya kanuni ya Java, yaani programu inayolinganisha data na kanuni ulizoandika na kutekeleza zile ambazo masharti yake yametimia, na tuna shida moja tu ya kumaliza: objekti imebadilika, lakini kanuni inayoihusu haitekelezwi.

Kwenye skrini kuna darasa la Oda. Lina sehemu tatu: jumla, hali na punguzo. Chini yake kuna kanuni fupi inayosema hivi: oda ambayo jumla yake inazidi 1000 ipewe punguzo la asilimia 10.

Tuanze kwa kuiona shida yenyewe. Ninaunda oda yenye jumla ya 400, ninaiingiza kwa insert kwenye session, yaani kikao cha kazi cha injini, kisha ninaita fireAllRules ili kanuni zilizotimia zitekelezwe. Hakuna kilichotokea, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa ninaita setJumla na kuweka 1500, halafu fireAllRules tena. Tazama matokeo pale chini. Kimya.

Usikimbilie kulaumu kanuni. Injini hii haikagui objekti zote upya kila unapoiita. Inafuata njia iliyobuniwa na Charles Forgy miaka ya 1970, algoriti ya Rete: hutunza matokeo ya ulinganishaji uliokwisha kufanyika, kisha hushughulikia mabadiliko pekee. Kuanzia toleo la 6 Drools inatumia PHREAK, iliyotokana na Rete, na kwa hili hakuna kilichobadilika. Oda yetu ilipimwa ikiwa na 400, ikakosa sharti, basi. Ulipoita setJumla ulibadilisha Java tu. Injini haikupewa habari.

Kwa hiyo tuipe. Rudi kwenye mstari wa insert. Ile insert inarudisha FactHandle, kitambulisho cha objekti ndani ya injini, kitu ambacho watu wengi hawakijali. Kihifadhi kwenye kigeu, mimi nakiita mshiko. Baada ya setJumla, andika session.update, ndani ya mabano weka mshiko na oda. Endesha. Punguzo hilo hapo.

Kama mshiko umekupotea, session.getFactHandle itakutafutia. Lakini angalia: kama umeweka injini itambue objekti kwa usawa, yaani kwa equals na hashCode, halafu ukabadilisha sehemu inayotumika kwenye hashCode, injini itaitafuta oda yako mahali ambapo haipo. Sehemu za namna hiyo usiziguse objekti ikiwa ndani. Itoe kwa delete, ibadilishe, uiingize upya.

Sasa kuna jambo linalosumbua zaidi. Ile update ya kawaida kutoka Java inaiambia injini kwamba oda nzima imebadilika. Ukibadilisha hali peke yake, kanuni ya punguzo nayo itaamka na kutekelezwa mara ya pili. Dawa yake ni kutaja sehemu iliyobadilika: session.update, mshiko, oda, kisha "hali" kama hoja ya tatu. Tangu toleo la 7, injini hufuatilia sehemu mojamoja bila kuombwa, hivyo kanuni isiyosoma hali haitaguswa.

Ndani ya kanuni yenyewe tumia modify. Andika modify, $oda kwenye mabano, kisha setPunguzo ndani ya mabano ya mapindo. Injini inajua umegusa punguzo tu. Ila kama sharti la kanuni hiyohiyo linasoma punguzo, na bado linatimia baada ya badiliko, itajiita yenyewe bila kikomo. Wengi hubandika no-loop, sifa inayozuia kanuni kujiamsha yenyewe, wakaendelea na safari. Sipendi. Kanuni mbili zinazoamshana kwa zamu haziwezi kuzuiwa na no-loop. Weka sharti linalojifunga, kwa mfano punguzo == 0, na kazi imekwisha.

Je, setter, yaani mbinu ya kuweka thamani kama setJumla, haiwezi kuiarifu injini yenyewe? Inaweza. Ongeza PropertyChangeSupport, darasa la Java la kutangaza mabadiliko ya sehemu, kwenye Oda, pamoja na addPropertyChangeListener na removePropertyChangeListener, kisha kwenye faili la kanuni itangaze Oda kwa @propertyChangeSupport. Ndani ya setter, shika thamani ya zamani, weka mpya, ndipo uite firePropertyChange. Ukipindua mpangilio huo, injini itasoma thamani ya zamani.

Orodha ndizo zinazowaponza wengi hapa. Tuseme Oda ina orodha ya bidhaa: ukiongeza bidhaa kwenye orodha ileile na kuipitisha kama thamani ya zamani na mpya, firePropertyChange inaona ziko sawa na hainyanyui mdomo. Tengeneza nakala mpya ya orodha kwanza. Kwa maoni yangu, kama mabadiliko yako yote yanapita sehemu moja ya programu, update ya mkono ni rahisi kuisoma kuliko mashine hii yote.

Vilevile, kama Oda ina Mteja ndani yake na kanuni inasoma oda.mteja.daraja, kubadilisha daraja hakutasikika. Mteja naye aingizwe kwa insert, na kanuni iwaunganishe wawili hao.

Mwisho, weka msikilizaji: addEventListener yenye RuleRuntimeEventListener, na kwenye objectUpdated chapisha objekti husika. Endesha programu yako nzima. Kila setter uliyoita ambayo haikufuatiwa na mstari wa objectUpdated, hapo ndipo pa kurekebisha.