Kwa nini sileti majani ya chai ya Tukuyu huku Uturuki

Haya jamani, karibuni tena. Leo nalijibu hili swali tuachane nalo, maana kila nikipost video lazima mtu aandike, "dada, Waturuki wanakunywa chai balaa, na kwenu Tukuyu chai imejaa, si ulete uuze?" Nikijibu naambiwa naringa, nikikaa kimya eti nawabania watu fursa.

Kunywa wanakunywa kweli, kwa hesabu ya kila mtu hawa ndo wanaongoza duniani, zaidi ya kilo 3 za majani kwa mwaka. Ila wanalima wenyewe! Kule Rize, pwani ya Bahari Nyeusi, milima yote ni chai, sheria ya kuwahimiza waipande ni ya 1924, na mpaka leo serikali inawalinda wakulima wake, chai ya nje inalipiwa ushuru wa asilimia 145. Yani majani ya laki moja, ushuru peke yake laki na elfu arobaini na tano, hapo hujagusa usafiri. Mama alinitumia kapaketi tu ka kunywa mwenyewe, kakakwama forodhani, mara lete risiti, mara lete cheti, naenda narudi kwa nauli yangu mpaka nikakaacha hukohuko. Iliniuma sana, maana yametoka kiwanda kilekile mama anakouza majani yake, anayachuma na mgongo unamuuma.

Na hata yangepita, sisi majani yetu mengi ni yale ya chengachenga, unachemsha na maziwa na tangawizi fasta limekolea. Hawa wana birika mbili zinapandana, ya chini maji yanachemka, ya juu majani yanakaa kwenye mvuke dakika 15 mpaka 20, ndo wanamimina kidogo kwenye kigilasi na kuongeza maji ya moto, maziwa hakuna. Chenga zetu zikikaa muda wote huo zinakuwa chungu, niliwapikia majirani nikaona wanavyoongeza sukari.

Sasa hayo ni ya kwangu mimi, mwenye mtaji na kampuni na wakala wake wa forodha labda ataona njia, sijamkataza mtu. Ila msinitumie vifurushi mkitegemea nitaenda kuvigomboa, kwa kweli siendi tena.