Boksi la Zamani Msilitupe
(Mhadhara kwa mafundi umeme wa magari, Dodoma)

Habari za asubuhi, mafundi. Nimeombwa nizungumzie kuprogramu kontroli boksi, ile kompyuta ya injini ya gari. Zaidi ya hapo sitaeleza, mnalishika kila siku. Naanzia palepale ninapoanzia siku zote: boksi la zamani msilitupe.

Imeletwa Toyota kutoka Kibaigwa, boksi limeingia maji. Fundi wake ni hodari wa waya. Kaagiza boksi la mtumba Dar es Salaam, namba ya kwenye lebo ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Kafunga. Gari linapiga stata, linashika kidogo, linazima. Taa ya ufunguo kwenye dashibodi inawaka na kuzima. Kabadilisha pampu ya mafuta. Kabadilisha plagi. Mwenye gari analipa tu! Jamani, plagi zina kosa gani? Boksi lile limekuja na kumbukumbu ya funguo za gari jingine, lililokwishakatwa spea huko lilikotoka. Ufunguo wa mteja haliutambui, basi linakata mafuta. Tukauliza, boksi la kwanza liko wapi? Limeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kwenye Toyota nyingi za aina ile, mle ndani mna chipu ndogo ya miguu minane, na kumbukumbu ya funguo imeandikwa humo. Hata boksi likifa kwa maji, mara nyingi chipu ile bado inasomeka. Unaisoma, unahifadhi faili, unaliandika kwenye boksi la mtumba, gari linawaka kwa ufunguo wake uleule. Tumeuza jibu kwa kilo!

Najua kuna mzee atasema, "Mbona tumehamisha maboksi miaka yote na magari yanawaka?" Kweli kabisa, mzee wangu. Magari yale hayakuwa na imobilaiza, ile kinga ya wizi inayozima injini isipoutambua ufunguo. Ufunguo ukiwa na chipu, kazi imebadilika. Namba kufanana inakuambia boksi ni la injini ile. Haikuambii kwamba linalijua gari la mteja wako.

Na kijana atasema mashine ya kupimia inasajili ufunguo upya. Baadhi ya magari, ndiyo. Kuna Toyota zenye imobilaiza ya pembeni, yaani kwenye boksi lake lenyewe, unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ya kupimia, unafungua swichi, unasubiri nusu saa, maboksi mawili yanatambuana. Lakini yapo magari ambayo boksi likishaandikwa mara moja halikubali gari jingine. Ukiwa na faili la zamani, una pa kurudi.

Muda unakwisha, haya nayasema haraka. Volti: usiandike boksi kwa betri ya gari peke yake. Ikishuka katikati ya kuandika, boksi limekufa. Funga chaja inayoshikilia volti 13 hivi, na kwa kuwa umeme hukatika, weka na betri nzima ya pili sambamba. Kabla ya kusajili ufunguo wowote, dai kadi ya gari na ulinganishe namba ya chesisi, msiwasaidie wezi. Dizeli za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la mafuta yenye shinikizo kubwa, ingizeni kodi za nozeli, yaani namba zake za utambulisho, zimechapwa juu ya nozeli zenyewe, la sivyo injini itagonga na kutoa moshi. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikiyumba baada ya kufunga, ifundisheni upya kwa mashine kabla ya kugusa throto, mlango wa hewa ya injini.

Na kabla ya yote hayo, pimeni fyuzi, relei na waya wa ethi. Maboksi mengi mnayoletewa ni mazima.