Deni la Santi Cazorla kwa Oviedo

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo Kibwana kaingia studio na jezi ya Arsenal iliyopauka, namba 19. Nikajua moja kwa moja tunamzungumzia nani.

KIBWANA: Santi Cazorla, dada yangu. Ila leo Arsenal tunaipita tu njiani. Mimi nataka Oviedo.

ZUHURA: Wengi hapa hiyo Oviedo hawaijui.

KIBWANA: Mji wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Santi kazaliwa jirani, Llanera, mwaka 1984, akalelewa na timu za vijana za Real Oviedo. Mwaka 2003 klabu ikafilisika mifuko: imeshashuka daraja uwanjani, na kwa kuwa wachezaji walikuwa hawajalipwa, ikashushwa tena mpaka daraja la nne. Kijana wa miaka 18 akaenda zake Villarreal, klabu nyingine ya Hispania. Timu ya wakubwa ya Oviedo alikuwa hajaichezea hata dakika moja.

ZUHURA: Kwa hiyo hakuikimbia. Nyumba ndiyo ilibomoka.

KIBWANA: Sasa njoo 2012. Yuko London, jina limekua, na Oviedo inakaribia kufutika kabisa. Klabu ikauza hisa kwa yeyote, euro 10.75 kila moja. Santi akanunua, Juan Mata akanunua, Michu akanunua, wote watoto wa klabu ileile. Mashabiki wa nchi za mbali nao wakachangia. Ikapona.

ZUHURA: Hapo nikuchokoze. Mchezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kununua hisa za euro kumi ni habari?

KIBWANA: Peke yake, hapana. Ndiyo maana hadithi haiishii hapo. Oktoba 2016 akaumia kano ya kisigino. Kidonda kikaingia vijidudu, vikala karibu sentimita 8 za kano. Kupasuliwa, kupasuliwa tena. Daktari akamwambia akiweza kutembea bustanini na mwanawe, ashukuru.

ZUHURA: Na ile ngozi ya mkononi…

KIBWANA: Enhe! Walichukua ngozi ya mkono wenye tatuu ya jina la bintiye, India, wakaipandikiza kifundoni. Jina nusu mkononi, nusu mguuni. Na bado 2018 akarudi uwanjani, na Villarreal.

ZUHURA: Halafu Qatar, Al Sadd. Mzee angeweza kumalizia huko akila pensheni yake taratibu.

KIBWANA: Agosti 2023, miaka 38, akarudi Oviedo, daraja la pili. Alitaka kucheza bure. Kanuni za ligi zikakataa, ikabidi achukue mshahara wa kima cha chini. Akaomba jambo moja: asilimia 10 ya mauzo ya jezi zake iende kwa timu za vijana.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mshahara sina shida nao, pesa anazo. Lakini kuelekeza fungu kwa watoto wanaofanya mazoezi palepale alipofundishwa yeye? Wengi hutoa jezi, wanapiga picha, basi.

KIBWANA: Tena watoto walikuwa wanamwona akija kazini.

ZUHURA: Haya, tupe ile fainali.

KIBWANA: Juni 21, 2025, mchujo wa kupanda daraja. Wapinzani, Mirandés, wameshinda mechi ya kwanza 1-0 kwao. Kule Carlos Tartiere, uwanja wa Oviedo, Mirandés wakatangulia tena kufunga! Penalti ikapatikana. Nani akachukua mpira?

ZUHURA: Mzee wa miaka 40.

KIBWANA: Akaweka wavuni. Muda wa nyongeza, ikaisha 3-1. Oviedo ikarudi La Liga baada ya miaka 24. Nililia, sikufichi.

ZUHURA: Ulilia na Arsenal pia ilipokosa ubingwa.

KIBWANA: Kile kilikuwa kilio kingine, dada.

ZUHURA: Basi hiyo namba 19 ipumzishe. Tafuta ya Oviedo.

KIBWANA: Namba 8. Nimeshaagiza.