Mapafu Yake Tumeyabeba Mkononi

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo? Nimetoka zamu sasa hivi, ndiyo maana macho yamekuwa hivi. Juzi mdogo wangu aliniuliza kwenye simu: "Dada, nyie mnaohamisha wagonjwa mahututi, gari si mnalikimbiza kweli kweli?" Nikacheka. Sisi dereva akikimbiza tunamgombeza!

Sikilizeni. Kuna mashine inaitwa ekmo. Mapafu yakigoma kabisa, hata mashine ya kupumulia ikashindwa, mgonjwa anawekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa paja, mnene karibu na kidole cha mwisho. Pampu inavuta damu na kuisukuma kwenye pafu la bandia; humo damu inaacha hewa chafu, inachukua oksijeni, inarudi mwilini kupitia shingoni. Inatoka imeiva weusi, inarudi nyekundu ya kung'aa. Nimeiona mara nyingi na bado huwa naikodolea macho. Kwa mtu mzima ni lita 4 hadi 5 kwa dakika, yaani karibu damu yake yote. Moyo nao ukiwa umechoka, damu inarudishwa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, na pampu inausaidia.

Hospitali nyingi hazina mashine hii, kwa hiyo timu ndiyo inayomfuata mgonjwa. Kule Uingereza, utafiti wa CESAR uliotoka 2009 ulihusu watu wazima 180. Waliopangiwa kupelekwa kituo cha ekmo cha Glenfield, Leicester, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi 6. Waliobaki kwenye matibabu ya kawaida, asilimia 47. Ila si wote waliopelekwa waliowekwa kwenye ekmo, kwa hiyo mimi sifa zote siipi mashine. Na wapo waliofariki kabla ya kufika, maana walisafirishwa kwa mashine ya kupumulia tu. Ndiyo sababu sisi mirija tunaiweka huko huko aliko, akitulia ndipo tunaondoka.

Sasa mnadhani hatari iko barabarani? Barabarani mimi hupumua. Hatari ni ile hatua moja kutoka kitandani kwenda kwenye machela. Mrija ukichomoka, kwa mwendo ule wa damu, mgonjwa anakwisha mbele ya macho yenu. Kwa hiyo mmoja kazi yake ni kushika mirija tu, na anayehesabu "moja, mbili, tatu" ni huyo huyo. Wengine wote, hata daktari bingwa, kimya.

Halafu kuna hesabu ya oksijeni. Pafu la bandia na mashine ya kupumulia zikila lita 15 kwa dakika, hiyo ni 900 kwa saa. Safari ya saa mbili, 1,800. Tunabeba 3,600, kwa sababu foleni haina adabu.

Na betri? Zipo, na za akiba zipo. Zikigoma zote, kuna mpini wa kuzungusha pampu kwa mkono. Unabana mrija kwanza damu isirudi nyuma, unahamisha kichwa cha pampu, unazungusha. Mazoezini mkono wangu uliwaka moto kabla hata mwalimu hajamaliza kuongea.

Siku moja tulifika mahali, kila kitu tayari, mgonjwa kafungwa mikanda, lifti ikafunguka. Machela haiingii. Hakuna aliyekuwa ameipima. Tukarudi wodini taratibu, mirija mikononi mwangu, tukatafuta lifti ya mizigo.

Tangu siku hiyo, kwenye mfuko huu wa sare, mnauona? Futi kamba.